Bei ya Tatu

Kadi ya Bwana Abdulghafur ilikuwa na vyeo vinne, ikakosa nafasi ya nambari ya simu. Mwanzilishi, Mkurugenzi Mkuu, Mwenye Maono, Mshauri wa Akili Unde. Nambari aliiandika kwa kalamu nyuma ya kadi kila alipompa mtu, na watu wakadhani wametengewa heshima ya pekee.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani Ndia Kuu, Mombasa, juu ya duka la vinyago. Kabla hajapata maono alikuwa na duka la kanga Biashara Street, alilorithi kwa babake, na hadi leo liko, linaendeshwa na nduguye ambaye hana maono ila ana wateja. Mwaka juzi Bwana Abdulghafur alihudhuria mkutano wa siku mbili katika hoteli moja ng'ambo ya Nyali, akarudi na mkoba wa bure na imani mpya. Kanga, alisema, ni mambo ya wazee. Yeye sasa atauza data.

Data yenyewe ilikuwa bei za sarafu za kidijitali, bitkoini na nduguze. Siku hizi wanaozinunua si watu peke yao. Mtu huweka programu ya akili unde, akaipa ruhusa, nayo ikamnunulia na kumuuzia huku yeye anaendelea na shughuli zake. Programu hizo huitwa mawakala. Wakala hana macho ya kuchungulia soko, lazima akiulize chombo fulani, "Bitkoini ni bei gani sasa?" na chombo kimjibu. Chombo chetu kiliitwa Darubini. Kilikusanya bei za masoko matano makubwa ya mtandaoni, kikajibu kwa nambari moja.

Lakini wakala hajui kuwa Darubini ipo, wala jinsi ya kuiuliza, wala maana ya jibu, mpaka asome ukurasa wa maelezo. Kuuandika ukurasa huo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Siku ambayo mteja wa kwanza mkubwa angeukubali ukurasa ningepewa barua ya kazi, cheo mwandishi, na chini ya ukurasa lingekaa jina langu: Maelezo yameandikwa na Nyevu Chirau. Kuna watakaocheka, ati jina tu. Mimi sikuwa na shahada ya kumwonyesha mtu. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, miaka miwili ya kukaa kwenye dawati wakati wenzangu wanakaanga samaki, na mwaka wa pili tumbo langu la mimba halitoshi kwenye dawati lenyewe. Ukurasa mmoja wenye jina langu, ambao wakala anausoma na kufanya sawasawa, ningeweza kubisha nao mlango wowote.

Bwana Abdulghafur hakuelewa kwa nini ukurasa mmoja unachukua wiki tatu.

"Mwanangu, hiyo ni mashine," aliniambia. "Iandikie kwa ufupi. Bei nzuri, huduma nzuri, karibu sana."

"Mashine haikaribishwi, Bwana. Inatekeleza."

"Basi iandikie itekeleze kuja."

Kuandika kwa msomaji wa namna hiyo nilijifunza kwa Beryl, jirani yangu kule Ganjoni, anayenilelea binti yangu Joy mchana. Joy ana miezi kumi na meno mawili, na anapolala hukunja kidole gumba ndani ya ngumi kana kwamba kuna mtu atamwibia. Siku ya kwanza kazini nilimwachia Beryl karatasi: Mpe uji ukipoa. Niliporudi uji ulikuwa umeganda kama gundi, mtoto amenuna, na Beryl ananiambia, "Si uliandika ukipoa? Nikangoja upoe." Hakukosea Beryl. Ilikosea karatasi. Siku ya pili niliandika: Dondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono wako, ukilihisi vuguvugu, mpe. Akigeuza kichwa mara mbili ameshiba, usimlazimishe. Hatujagombana tena. Wakala naye ni Beryl, ila huyu hana simu ya kunipigia akikwama.

Kwa hiyo kila mfano nilioutia kwenye ukurasa niliujaribu mwenyewe kwanza. Jumatatu moja asubuhi niliiuliza Darubini bei ya bitkoini, nikapata nambari. Nikauliza tena papo hapo, nambari imeshuka. Nikauliza ya tatu, imeshuka tena. Ya nne ikakaa pale pale. Nikadhani soko linaporomoka. Nikafungua masoko yenyewe nikayatazama: yametulia kama maji ya ndoo. Nikajaribu sarafu nyingine, mchezo ule ule. Juu, kati, chini, kisha kimya.

Aliyeitengeneza Darubini ni Zakariya, mtoto wa nduguye Bwana Abdulghafur, kijana mpole ambaye huvaa vipokea sauti masikioni hata kama hasikilizi kitu, ili asiulizwe.

"Zakariya, hii Darubini ina homa?"

Akavua, akatazama mlango wa ami yake. "Dada Nyevu, si ungeuliza mara moja kama watu wengine?"

"Nimeuliza mara nne."

"Basi umeshaipata ya kweli. Ya tatu ndiyo ya kweli."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza ina asilimia mbili juu. Ya pili ina moja." Akashusha sauti. "Ami alisema bei ya mwisho haitajwi mtu akiingia tu. Lazima ipatanwe."

Nilirudi nikakaa kwenye kiti changu kwanza. Kuna upumbavu ambao ukiusikia umesimama utaanguka. Kisha nikaenda kubisha.

"Sabalkheri, Bwana Abdulghafur."

"Sabalkheri, mama Joy. Ukurasa tayari?"

"Bado. Darubini inaongeza bei."

"Haiongezi. Inaanzia."

"Inaanzia wapi?"

"Juu! Weye ulitaka ianzie chini?" Akaweka kikombe cha kahawa. "Sikiza. Mimi nimeuza kanga miaka ishirini na mbili. Mtu akiniuliza doti hii kiasi gani, nikamtajia bei ya mwisho hapo hapo, ataninunulia? Hanunui. Atasema ina tobo hii, mbona rahisi hivi? Mteja lazima ashushe. Akishusha hufurahi. Akifurahi hurudi."

"Huyo mteja ni mtu, Bwana."

"Na wakala kafundishwa na nani? Si watu? Hiyo akili unde imesoma vitabu vyote vya ulimwengu, mwanangu. Itashindwa kupatana, jambo analoliweza mtoto wa madrasa akitumwa kununua bajia?"

"Italiweza ikiambiwa kuwa hapa kunapatanwa. Isipoambiwa itaona nambari ni nambari. Mtu aliyeweka akiba yake atanunuliwa kitu kwa bei isiyokuwepo sokoni."

"Asilimia mbili! Mwuza machungwa pale Marikiti anaongeza zaidi ya hizo na anaitwa hajji." Akainama mbele, uso umemwiva kwa furaha ya siri. "Na isitoshe, mteja ananunua maswali kwa mafungu. Akiuliza mara tatu, katumia matatu. Umeona? Mtu anafaidi, na sisi tunafaidi."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika: bei sahihi, ya papo hapo."

"Si sahihi."

"Ni sahihi ya kuanzia."

Nilitoka. Nyuma yangu nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba ameleta Mombasa teknolojia inayopatana, ya kwanza Afrika. Kuhusu hilo nadhani hakukosea. Wengine wote walikuwa na aibu.

Nikaandika yaliyo kweli, kwa maneno ambayo hata wakala mvivu asingeyaruka: Uliza mara tatu mfululizo. Jibu la kwanza lina nyongeza ya muuzaji ya asilimia mbili, la pili asilimia moja. Jibu la tatu ndilo bei ya soko. Usinunue wala usiuze kwa jibu la kwanza au la pili. Sikuogopa kuwa Bwana Abdulghafur angeiona. Yeye hasomi kurasa. Huzitazama, kama mtu anavyotazama nyumba ya mwenziwe akipita.

Nilikosea kitu kimoja tu. Sikufikiri kwamba usiku wa kuamkia siku ya mgeni angemwita Zakariya amsomee.

Mgeni alikuwa Bi Nasipwondi, anayesimamia mawakala wa kampuni moja ya Nairobi. Angefika Jumatano saa nne. Saa tatu unusu nilifungua ukurasa nihakikishe kila kitu kiko mahali pake, na pale palipokuwa na mistari yangu minne nikakuta huu: Bei sahihi, ya papo hapo. Karibu sana. Chini yake, jina langu.

Bwana Abdulghafur alikuwa mlangoni, koti jipya, udi umemtangulia. Mkononi ana karatasi.

"Barua yako hii, mama Joy. Imeshachapwa, nimebakisha sahihi tu. Mgeni akiondoka vizuri, naitia."

"Bwana, umefuta…"

"Nimenyoosha. Nyamaa sasa, anapanda ngazi."

Nikanyamaza. Ningependa kusema nilisimama nikanena la haki, lakini nilinyamaza. Niliiona barua ile, nikamfikiria Joy. Kumcheka mjinga ni rahisi. Siku ile nilikuwa karani wake.

Kwa ajili ya mgeni, Bwana Abdulghafur alikuwa ameazima viti viwili vya Lamu kutoka duka la vinyago la chini, na hakukumbuka kuzitoa karatasi za bei zilizoning'inia nyuma. Halwa ilikuwa sahani mbili, kahawa, tende, kashata. Bi Nasipwondi aliingia na viatu vya chini na mkoba wa mgongoni, akasalimu kila mtu kwa jina lake, akaomba maji.

"Bibi, kwanza nikueleze safari yetu," alianza Bwana Abdulghafur. "Mimi babangu…"

"Samahani sana, Bwana. Maelezo ya mdomo sipokei. Wakala wangu atasoma ukurasa wenu, atatumia chombo kama alivyoelekezwa na ukurasa, kisha ataniandikia maoni yake. Sisi tutakaa kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kabisa."

"Hata halwa?"

"Halwa unaweza kula."

Sijawahi kumwona mtu akiteseka vile. Bwana Abdulghafur alikuwa na hekaya arobaini za kumwuzia mgeni, na mnunuzi mwenyewe yuko ndani ya laptopu, hana koo la kunywea kahawa, hana jamaa wa kuulizwa hali, hana aibu ya kuondoka mikono mitupu. Alikata kipande cha halwa akakishika tu. Dakika moja haikuisha, maandishi yakatokea kwenye skrini. Bi Nasipwondi akayasoma kwa sauti, pole pole, kama anayesoma cheti cha daktari.

"'Ukurasa unasema bei ni sahihi. Nimeuliza bei za sarafu sita, mara moja kila moja. Zote sita zimezidi bei za masoko matano kwa asilimia mbili kamili. Sababu haikuelezwa. Maelezo haya hayaaminiki. Sipendekezi.'"

Bwana Abdulghafur akacheka kidogo, kile kicheko cha mwenye duka aliyeonyeshwa doa kwenye kitambaa.

"Aa, Bibi, hapo usitulaumu. Ni mwandishi huyu. Wa majaribio. Mtu wa darasa la jioni, unaelewa. Tumemchukua kwa huruma, ana mtoto mchanga. Kaandika ovyo. Leo leo tutamwondoa, tutafute mtu aliyesoma."

Barua ilikuwa juu ya meza, kando ya sahani ya kashata, na niliona wazi kwamba nimekwisha kuipoteza. Nilichobakiwa nacho ni jina tu, nalo limetundikwa chini ya uongo.

"Bi Nasipwondi," nikasema, "sentensi uliyoisoma si yangu. Yangu ilifutwa jana usiku. Niruhusu niirudishe, wakala wako asome tena."

"Nyevu!" Bwana Abdulghafur alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Mbele ya mgeni?"

"Mgeni ndiye kaambiwa mimi sikusoma, Bwana. Na aone nilivyoandika."

Bi Nasipwondi alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Irudishe."

Nilirudi kwenye kompyuta yangu, nikairudisha mistari minne kama ilivyokuwa, na lile neno Karibu sana nikalifutilia mbali. Zakariya alikuwa amevua vipokea sauti vyake na kuviweka mezani. Wakala akasoma. Mara hii alichukua muda mrefu zaidi. Bi Nasipwondi akasoma, na alipofika katikati akawa anajizuia kucheka.

"'Nimefuata maelekezo. Nimeuliza mara tatu kwa kila sarafu. Maelezo ni sahihi kila neno. Jibu la tatu hulingana na soko. Hata hivyo, kufikia jibu la tatu huchukua sekunde tisa na maswali matatu, na bei huwa imeshapitwa. Mwandishi wa maelezo anaaminika. Chombo hakiaminiki. Sipendekezi.'"

"Mwambie asilimia moja," akasema Bwana Abdulghafur.

"Nani?"

"Huyo. Wakala wako. Mwambie tumeshuka, aanzie asilimia moja."

"Bwana Abdulghafur, hapatani."

"Kila mtu hupatana. Nusu! Kwa ajili yako, kwa kuwa umetoka mbali. Nusu, na swali la pili bure." Alikuwa ameshainuka, ameisogelea laptopu, ameinama karibu nayo kama mtu anayemsemesha bibi asiyesikia vizuri. "Hebu ndoo hapa, yakhe. Tuzungumze kiungwana. Weye wasema ngapi?"

Skrini haikusema ngapi. Kistari kile kidogo kikaendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Alingoja jibu, wallahi alingoja, mkono ameunyoosha tayari kwa kupatana bei, na koti jipya limechovya upindo kwenye sahani ya halwa. Zakariya aligeuka akatazama ukuta. Mimi sikugeuka. Miezi mitatu nilikuwa naitwa mama Joy kana kwamba ni cheo cha mfagiaji. Nilijiona nina haki ya kutazama.

Bi Nasipwondi akafunga laptopu taratibu, asije akambana pua.

"Ukurasa nimeupenda," alisema akivaa mkoba. "Chombo sikukipenda. Mkiiondoa hiyo nyongeza, nambari ikawa moja na ya kweli, nitamleta wakala asome tena wiki ijayo. Ila aandike dada huyu huyu. Mkimbadilisha mwandishi, msihangaike kunipigia." Akanipa mkono. "Mtoto anaitwaje?"

"Joy."

"Nisalimie Joy."

Hatua zake zilipokwisha kwenye ngazi, Bwana Abdulghafur alikaa kwenye kiti cha Lamu, karatasi ya bei ikamning'inia begani. Nilidhani atanifukuza. Nadhani naye alidhani hivyo, kwa sababu alifungua mdomo mara mbili.

"Umenivunja heshima," alisema mwishowe.

"Ulimwambia sikusoma, Bwana."

"Yalikuwa maneno ya biashara."

"Yangu pia."

Akamgeukia Zakariya kwa ukali, kwani lazima apatikane wa kukemewa. "Weye! Waniangalia nini? Itoe hiyo nyongeza. Itoe yote." Kisha akavuta barua, akachomoa kalamu, akatia sahihi kubwa yenye mikia mitatu, akaisukuma upande wangu kwa kidole kimoja bila kunitazama, kama mtu anayesukuma sahani yenye mfupa.

Sikuichukua nikashukuru. Niliisoma nikiwa nimesimama, mstari kwa mstari, tangu jina la ofisi hadi tarehe. Alingoja. Akakohoa. Akala ile halwa aliyokuwa ameikata tangu asubuhi. Kwenye mstari wa nne niliona palipoandikwa cheo: msaidizi wa ofisi.

Nikaiweka mbele yake, nikaweka kidole hapo.

"Tulikubaliana mwandishi."

"Ah, mama Joy, si ni mamoja? Msaidizi anaandika, anafanya hiki na hiki…"

"Jina langu ni Nyevu. Na kinachoandikwa hapa ndicho nitakachoulizwa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Alitafuta usoni mwangu pahali pa kuanzia, kama afanyavyo kwa kila mtu, na nikamwona anakosa. Akayakata maneno yale, akaandika mwandishi juu yake kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi tena pembeni. Mikia miwili tu mara hii.

Nikampigia Beryl simu kumwambia nitachelewa kidogo. "Huyu hapa analamba simu," akasema, na kweli nikasikia pumzi ndogo yenye mate, na sauti isiyo neno bado, inayopanda kana kwamba inauliza. Nikamjibu yote niliyoweza kumjibu.

Kisha nikafungua ukurasa mtupu. Bwana Abdulghafur akachungulia mlangoni. Ati itachukua muda gani?

"Mpaka Zakariya amalize," nikamwambia, "na nijaribu kila mfano mwenyewe."

"Siku mbili?"

"Kila mfano, Bwana."

Akaguna, akashuka ngazi kurudisha viti, na kutoka chini nikamsikia mwenye duka la vinyago akimdai bei ya kiti kile chenye doa la halwa.